Tope la Sabaki na ushahidi wa tumbawe la Malindi

Vuli ikinyesha sawasawa huko bara, Malindi hupata habari zake baharini. Maji ya Mto Sabaki hutoka mlangoni mazito na mekundu, yakakutana na kaskazi ambayo ndiyo kwanza imeanza kushika, na kaskazi ikayasukuma kusini. Hupita mbele ya mji, hupita gati, hupita Casuarina, mpaka yakaingia mbuga ya bahari ambako mashua za kioo hupeleka watu kutazama samaki. Msimu wa wageni nao ni huo huo. Basi aliyelipia kuona matumbawe huinama juu ya kioo akaona chai ya maziwa.

“Kapteni, hapa kuna samaki kweli?”

“Wapo, bwana. Hii ni mvua ya bara tu. Subiri upepo ugeuke.”

Maelezo hayo hutolewa pia kwa Kiitaliano, tena Kiitaliano cha kusifika. Wakati wa Krismasi hutolewa zaidi kwa wageni wa kutoka Nairobi, na hapo kuna mzaha ambao kapteni kwa adabu yake hausemi: sehemu ya udongo ulioharibu siku yao imetoka upande wao, ikatangulia kufika.

Kisa ninachokichambua ni hicho: tope la Sabaki, na swali la nani amelileta. Siku hizi jibu limekuwa jepesi. Ukikaa barazani au ukienda semina, utaambiwa ni mabadiliko ya tabianchi, kisha mazungumzo yahamie kwingine. Mimi sikubaliani na jibu hilo, angalau si lote, na sababu yangu haitoki kwenye siasa. Inatoka baharini hapo hapo, ndani ya tumbawe lililokuwa likiishi katika mbuga ya Malindi tangu miaka ya 1700.

Kabla ya tumbawe, mto. Sisi wa chini tunaujua kwa jina lake la mwisho, na nadhani hilo ni sehemu ya tatizo. Unaanza kama Athi karibu na Nairobi na vilima vya Ngong, ukapita Ukambani ukiambaa na uwanda mrefu wa Yatta, ukaungana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, ukakata Tsavo Mashariki na kuteremka maporomoko ya Lugard, na ukikaribia pwani ndipo unapokuwa Sabaki. Bonde lote lina takriban kilomita za mraba 70,000. Na mto huo unaotuchafulia bahari ndio unaotunywesha: visima vya Baricho, kandokando yake, ndiyo chanzo kikubwa cha maji ya bomba ya Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Kwa hiyo asiyewahi kupanda mashua ya kioo maishani mwake bado ana hisa katika kisa hiki.

Jinsi tumbawe linavyoandika

Kuna aina ya tumbawe, Porites, linalokua kama jabali la mviringo. Kila mwaka huongeza tabaka la chokaa, kwa kawaida lenye unene wa sentimita moja hivi, na halifuti lile la nyuma. Ukitoboa kwa mashine chini ya maji na kutoa ufito wa jiwe kutoka juu hadi kitovuni, kisha ukaupasua na kuupiga eksirei, utaona mistari ya weusi na weupe ikipishana. Kila jozi ni mwaka mmoja. Unahesabu kurudi nyuma.

Mistari inatoa tarehe. Habari za mto zinatoka kwenye madini, na hapa ndipo kazi ilipokuwa ya ustadi. Udongo mfinyanzi unaoshuka na mto hubeba chembechembe za bariamu zilizojishika juu yake. Maji matamu yakikutana na ya chumvi, bariamu hiyo huachia udongo na kuyeyuka baharini. Tumbawe linapojenga mifupa yake kwa kalsiamu, huchukua na bariamu kidogo, kwa kuwa madini haya mawili yanafanana tabia. Mwaka wa tope jingi, bariamu ni nyingi. Mwaka wa tope dogo, ni kidogo. Wataalamu hupitisha leza juu ya ufito, hatua kwa hatua, na kupima kiasi cha bariamu kwa kalsiamu mpaka wafike mwanzo wa tumbawe.

Dominik Fleitmann na wenzake, wakiwemo Robert Dunbar wa Chuo Kikuu cha Stanford na Tim McClanahan ambaye amefanya utafiti wa miamba ya Kenya kwa miongo kadhaa, walichapisha matokeo ya tumbawe la Malindi mwaka 2007. Linabeba kumbukumbu ya miaka 300. Kuanzia 1700 hadi 1900, mstari wa tope unakwenda karibu sawa. Panda shuka zipo, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame, ila wastani hauhami. Fikiria miaka 200 hiyo ilivyokuwa huku kwetu. Wareno walikuwa wameshahamia Mombasa tangu 1593, Malindi ikachakaa na kuota miti, na haikusimama tena mpaka 1861 Sayyid Majid wa Zanzibar alipoleta watu na mashamba. Mji ulikufa na kufufuka mbele ya tumbawe hilo, na katika hesabu ya tope hakuna alama yoyote. Kilichokuwa kikitokea hapa pwani hakikuwa na uzito. Uzito ulikuwa juu ya mto.

Baada ya 1900 mstari unaanza kupanda, na unaendelea kupanda. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Baada yake yakaja mashamba ya walowezi, kisha mipaka ya maeneo ya wenyeji ambako watu na ng’ombe walibanwa katika ardhi iliyokuwa ikipungua huku wao wakiongezeka, kisha kuni na makaa ya mji uliokuwa ukikua. Kilele kinatokea kati ya 1974 na 1980: tope mara 5 hadi 10 ya kiwango cha asili. Watafiti walikihusisha na mambo yaliyokutana pamoja, yaani ongezeko kubwa la watu, matumizi ya ardhi yasiyosimamiwa, ukataji wa misitu, na ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Ukame ni hali ya anga, kweli. Ila tazama nafasi yake katika orodha. Ukame ulikuwepo hata miaka ya 1700 na 1800, na kwa mara zote hizo mstari haukufika hapo. Ilihitajika ardhi iliyokwisha vuliwa nguo ndipo ukame ulete maafa ya kiasi hicho.

Tumbawe la pili

Ushahidi wa tope ungekuwa peke yake, mtu angeweza kusema tunaupendelea. Lakini Malindi ina rekodi nyingine, iliyotangulia kuchapishwa, na inazungumzia joto. Mwaka 2000 Julia Cole, Dunbar, McClanahan na Nyawira Muthiga walitoa katika jarida la Science historia ya joto la bahari ya Malindi kuanzia 1801 hadi 1994, iliyosomwa kwa uzito tofauti wa chembe za oksijeni ndani ya chokaa ya tumbawe. Waliona kwamba joto la bahari yetu linapanda na kushuka likifuatana na Pasifiki, yaani El Niño ya huko inaandikwa hapa. Mwelekeo wa jumla ni wa kupanda.

Hapo ndipo kisa kinapopata thamani yake. Bahari moja imetunza vitabu viwili: kimoja cha joto, kimoja cha udongo. Joto linaamuliwa na dunia nzima, na Malindi au Kenya haiwezi kulishusha kwa azimio la kikao. Udongo unatoka ndani ya nchi moja, katika kaunti zinazofahamika kwa majina. Anayevichanganya vitabu hivi viwili na kuviita vyote tabianchi anatupa kile pekee tulichoweza kufanyia kazi.

Na tukumbuke kwamba wagonjwa wa kila kitabu ni tofauti. McClanahan na David Obura walipochunguza athari za tope kwenye miamba hii na kuchapisha 1997, matokeo hayakuwa ya kilio. Aina za matumbawe zisizovumilia tope zilikuwa zimepungua na zinazovumilia zimeshika nafasi, lakini mwamba ulikuwa hai. Upepo una mchango wake katika hilo. Kaskazi ndiyo huleta tope mbugani. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili, maji ya mto husukumwa upande mwingine, kuelekea Mambrui, Ngomeni na ghuba ya Ungwana, hata kama masika ndiyo yaliyoujaza mto. Mwamba wa Malindi hupata miezi ya kupumua.

Mwaka uliofuata, 1998, bahari ilipata joto lisilo la kawaida baada ya El Niño, na matumbawe yakapauka na kufa pwani nzima. Watamu, iliyo mbali zaidi na mlango wa Sabaki na yenye maji maangavu, haikusalimika. Kama tope ndilo lingekuwa muuaji mkuu wa matumbawe yetu, Watamu ingetakiwa kutoka na afya. Kwa hiyo upande huu watu wa tabianchi wana haki yao yote: kifo kikubwa cha matumbawe kililetwa na joto. Makosa ni kulichukua jibu sahihi la matumbawe na kulitumia kwa rangi ya maji, mchanga wa ufuoni na mafuriko ya Magarini, ng’ambo ya Sabaki, ambavyo vina historia nyingine.

Tope pia lina marafiki, na katika semina huwa hawaalikwi. Uliza wavuvi wa kamba wa upande wa ghuba. Kamba hawa hukulia kwenye maji machafu yenye rutuba, kwenye mikoko na matope ya milango ya mito, na mto ukishuka vizuri ndipo wavuvi wanapotarajia msimu mzuri. Ugomvi wao mkubwa haujawa na tope, ulikuwa na meli za kukokota nyavu, ambazo zilisimamishwa 2006 baada ya malalamiko ya miaka. Mlango wenyewe wa Sabaki ni makao ya ndege wa maji wanaovutia watazamaji kutoka mbali, na ya viboko wanaoharibu mashamba ya jirani. Ukimwambia kila mtu wa hapa kwamba tope ni balaa, nusu ya watu watakutazama tu.

Kuna na mchanga. Ghuba ya Malindi imejaa. Hoteli zilizojengwa zamani ili mgeni atoke chumbani aingie majini sasa zimetenganishwa na bahari kwa uwanja mpana wa mchanga na majani, na mgeni hufika majini amechoka kwa jua. Sehemu nyingine za pwani hii zinalia bahari kula ardhi. Ghuba yetu inalia bahari kuikimbia. Mchanga huo ni wa mto, umesambazwa na mawimbi.

Sehemu ya tabianchi

Sitaki kuonekana nimeifutia tabianchi mashtaka. Inayo sehemu yake, na imekuwa ikikua. Ukame ukikaa miaka mingi, majani hukauka, mifugo humaliza mizizi, ardhi hubaki ngumu na tupu. Mvua ya kwanza ikija kwa fujo haizami, inatiririka na kila kilicholegea. Hali hii ya ukame mrefu kufuatwa na mvua ya vurugu ndiyo tuliyoiona juzi: misimu 5 mfululizo ya mvua iliyokosekana kuanzia mwishoni mwa 2020, kisha vuli ya 2023 ikaja na mafuriko. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, ambalo lina watu wa vyuo vikuu vya nchi kadhaa wakiwemo wa Imperial College London, walikadiria kwamba ongezeko la joto la dunia liliifanya mvua ile iwe kali hadi mara 2 zaidi. Bahari ya Hindi yenyewe nayo ilikuwa na mkono, kwa kuwa upande wetu ulipata joto kuliko upande wa Indonesia, kama ilivyokuwa 1961 na 1997.

Kwa hiyo mvua inaweza kuongezewa nguvu na dunia. Lakini mvua ile ile ikianguka kwenye mteremko wenye majani na matuta, na ikianguka kwenye mteremko uliochunwa, haileti mto mmoja. Mwaka 2018 Sabaki ulipofurika na kuwatoa maelfu ya watu majumbani Magarini na Malindi, hotuba zilikuwa za mahema, unga na blanketi. Ni haki yake, mtu aliyelowa apewe blanketi kwanza. Kilichonishangaza ni kwamba hata baada ya maji kukauka, sikumsikia kiongozi yeyote wa huku akiitaja Machakos, Makueni au Kitui.

Ukambani kulikwishafanyika jambo

Kuzitaja si kuzilaumu. Ukambani kuna historia ambayo Malindi ingefaa kuisoma kwa makini kuliko ripoti nyingi zinazotujia.

Miaka ya 1930 Machakos ilikuwa mfano wa ardhi iliyokufa. Maofisa wa kikoloni waliandika kwa hofu juu ya makorongo na vilima vilivyobaki mwamba mtupu. Dawa waliyoichagua ilikuwa kupunguza ng’ombe kwa nguvu, na mwaka 1938 Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu wakaandamana mpaka Nairobi kuipinga. Baadaye likaja suala la matuta, mwanzoni kwa kulazimishwa, kisha watu wakayachukua kuwa yao. Tuta lililopendwa zaidi linaitwa fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu badala ya kuuachia ushuke, na juu ya ukingo unapanda majani ya ng’ombe ili mizizi iushike. Mvua baada ya mvua, udongo hujikusanya nyuma ya ukingo, na shamba la mteremko hugeuka ngazi zilizolala. Ni kazi ya jembe na sepetu, na kwa sehemu kubwa imefanywa na vikundi vya akina mama vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, wakizunguka shamba kwa shamba.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara 5, huku mmomonyoko mashambani ukipungua. Hapo inaonekana kama tumbawe linabishana na Machakos: moja linasema watu wakiongezeka udongo unakwenda, lingine linasema watu wakiongezeka udongo unashikwa. Naona hazibishani. Bonde la Athi ni kubwa kuliko mashamba yenye matuta. Lina malisho, lina kingo za barabara ambazo maji yake humwagwa kwenye shamba la mtu bila mpango, lina nyanda kavu za Makueni na Kitui ambako watu walihamia ardhi ilipojaa vilimani, na kufyeka kabla ya kupata nguvu ya kujenga matuta. Kilele cha tumbawe kinaangukia karibu na wakati huo. Hii ya mwisho ni tafsiri yangu mwenyewe, lakini inalingana na tarehe.

Maana yake kwa Malindi ni kwamba tope linazuilika, na waliolizuia walikuwa wakulima wenye faida ya haraka: mahindi yaliyosimama wakati wa jirani yamekauka. Hakuna aliyejenga fanya juu kwa ajili ya mashua za kioo. Kama huku chini tunataka maji safi, tutafute kinachomfaidi mwenye mteremko. Kupanda mikoko mlangoni mwa Sabaki ni kazi njema na ninaiunga mkono, ila haiwezi kushindana na kilomita za mraba 70,000.

Vyuo vikuu vipo ncha zote mbili za mto. Pwani kipo Kilifi, cha South Eastern Kenya kipo Kitui, Machakos nacho kipo. Tumbawe letu lilisomwa kwa mashine za nje, na sina kinyongo na hilo, mashine hizo ni ghali. Lakini kupima tope la mto kunahitaji chupa, karatasi ya kuchujia, mizani nzuri na mwanafunzi mwenye subira anayerudi pale pale kila wiki, Kitui na Sabaki, siku moja. Kazi hiyo ikifanywa kwa miaka, mtu wa Malindi atajua dhoruba ya Ukambani inachukua siku ngapi kufika kwake na imebeba nini.

Haraka yake ni hii. Makueni kunajengwa bwawa la Thwake, mahali Mto Thwake unapokutana na Athi, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 688. Bwawa la kiasi hicho hukamata mchanga na tope la juu kabla halijafika popote. Kwa mbuga ya bahari huenda ikawa nafuu. Kwa ghuba ya kamba huenda ikawa hasara. Na ule ufuo mpana ulioikimbiza bahari, ukikosa mchanga mpya kila msimu, mawimbi yataanza kuula, na wale waliojenga vibanda na mikahawa juu ya mchanga uliokuja juzi watakuwa wa kwanza kuona. Hapo ugomvi utaanza: wengine watalaumu bwawa, wengine kupanda kwa kina cha bahari, na safari hii hakuna tumbawe litakalotutolea jibu kwa haraka. Upana wa ufuo kuanzia gati hadi mlangoni, na uzito wa tope katika kila lita ya maji ya Sabaki, vipimwe kabla bwawa halijajaa, kwa sababu likishajaa hakutakuwa na hali ya mwanzo ya kulinganishia.